Mpasuaji Ndani ya Chombo cha Wakati

Mfasiri atakayejaribu kuileta Time After Time katika Kiswahili atakwama mapema, tena penye jina la mhalifu. Hadithi hii, ambayo mwaka 1979 ilitoka kwa sura mbili, riwaya ya Karl Alexander na filamu ya Nicholas Meyer, inamhusu yule muuaji wa Whitechapel ambaye Waingereza humwita Jack the Ripper. Tafsiri inayokuja upesi ulimini ni Jack Mpasuaji. Lakini mpasuaji, kwa Kiswahili cha hospitali, ni daktari anayewapasua wagonjwa ili wapone. Kwa neno hilo moja mfasiri huwa amekwisha kumpa muuaji shahada na koti jeupe, jambo ambalo polisi wa London wa mwaka 1888 hawakupata kulithibitisha. Ajabu ni kwamba hadithi yenyewe inafanya vivyo hivyo. Muuaji wake ni daktari mpasuaji, mstaarabu wa kauli na mavazi, hodari wa sataranji. Lugha na filamu zimekutana katika dhana moja, na dhana hiyo yastahiki kuchunguzwa kabla ya jingine lolote kusifiwa.

Ya kusifiwa yapo, tena si haba. London, mwaka 1893. Kijana H. G. Wells amewaalika rafiki zake chakula cha usiku ili awaoneshe mashine aliyoiunda katika chumba cha chini ya nyumba yake, chombo cha kusafiria katika wakati. Miongoni mwa wageni ni Dk. John Leslie Stevenson, aliyechelewa kufika. Punde polisi wanabisha hodi: mwanamke ameuawa, na msako unapita nyumba kwa nyumba. Katika mkoba wa daktari zinaonekana glavu zenye damu, naye mwenyewe hayupo. Ametoroka, si kwa mlango wa nyuma bali kwa mlango wa karne. Chombo kinarudi kitupu, kwa kuwa mkimbizi huyo hakuwa na ufunguo unaokizuia kurejea kilikotoka. Wells, aliyeamini kwa dhati ya moyo wake kwamba zama zijazo zitakuwa pepo ya wanadamu walioacha vita na dhuluma, anatambua kuwa amemfungulia fisi zizi la watu wasiokuwapo bado. Anamfuata, na anaibuka mwaka 1979, San Francisco, ndani ya jumba la maonyesho linalosimulia maisha yake mwenyewe.

Hapo ndipo ubingwa wa Meyer unapodhihiri. Hadithi ya upelelezi kwa kawaida huiweka maiti nyuma: mauaji yamekwisha kutendeka, na kazi ya mpelelezi ni kurudi kinyumenyume, alama kwa alama, hadi kwenye mkono uliotenda. Taharuki yake ni ya kutaka kujua. Hadithi ya kusafiri katika wakati ina taharuki nyingine, ya kuogopa kile kinachojulikana tayari. Meyer anazisuka hizo mbili kwa uzi mmoja. Nusu ya kwanza ya filamu ni upelelezi wa kale kabisa. Wells anajiuliza mtu wa 1893 akitua 1979 atahitaji nini kwanza, na jawabu ni fedha. Basi anazunguka benki baada ya benki akiuliza kama kuna mtu aliyebadilisha fedha za kizamani za Kiingereza, hadi anamkuta mfanyakazi mmoja, Amy Robbins, anayemkumbuka mteja wa namna hiyo. Hakuna mashine inayotumika hapo, wala miujiza. Ni akili ya mtu anayejua kwamba mwanadamu, hata akivuka karne, atalala mahali na atakula kitu.

Nusu ya pili inageuza sura. Ili kumthibitishia Amy kwamba si mwendawazimu, Wells anampandisha chomboni na kumpeleka mbele siku chache. Amy anasoma gazeti, na gazeti linaeleza habari za kuuawa kwake. Tangu hapo mtazamaji hangoji kumjua muuaji, kwani anamjua tangu mwanzo, anaingoja saa. Kiswahili kina bahati katika jambo hili kuliko Kiingereza, kwa kuwa saa ni kipimo na ni chombo cha kupimia, na pia ni ajali ya mtu: saa yake imefika, husema watu, wakimaanisha kifo. Stevenson hubeba saa ya mfukoni inayotoa muziki mwembamba inapofunguliwa, naye huifungua anapoua. Mtazamaji anayefikiri kwa Kiswahili haelezwi maana yake.

Katika kituo cha polisi Wells anatoa jina la uongo. Anajiita Sherlock Holmes, akidhani kwamba miaka karibu tisini itakuwa imetosha kulifuta jina la mpelelezi wa hadithi za magazeti. Watu katika ukumbi wa sinema hucheka, na kicheko ni cha haki. Lakini mzaha huo una mzizi mrefu zaidi ya kicheko. Desemba 1893, mwaka uleule ambao filamu inang'oa nanga, Arthur Conan Doyle alichapisha kisa cha kumuua Holmes, na ili amuue ilimpasa kuumba mtu anayefaa kumuua. Ndipo alipozaliwa Profesa Moriarty, mwanahisabati, mtu ambaye uhalifu kwake ni sayansi. Moriarty hakutokana na uchunguzi wa wahalifu wa kweli. Alitokana na shida ya fundi: mwandishi alichoka na mpelelezi mwenye akili nyingi mno, akahitaji akili nyingine ya kuisawazisha mizani. Tangu siku hiyo mhalifu mwerevu amekuwa akizaliwa kwa mahitaji ya mpelelezi wake, na mara chache sana kwa mahitaji ya ukweli.

Visiwani jambo hili lilikwisha kufikiriwa. Muhammad Said Abdulla aliyajua vyema maandishi ya Doyle. Bwana Msa, kiko mdomoni, Najum ubavuni, ni jamaa wa Holmes bila shaka yoyote. Hata hivyo, tangu Mzimu wa Watu wa Kale iliyochapishwa mwaka 1960, Abdulla alikopa mpelelezi na akamwacha Moriarty Uingereza. Wakosaji wake ni watu wa mtaani wenye tamaa, siri za nasaba na aibu za familia. Fumbo ni kubwa kwa sababu watu wameficha, au kwa sababu wamekubali kuamini mizimu pale ambapo mkono wa mtu ulikuwa wazi. Wasomaji wengine wamelihesabu hilo kuwa upungufu. Ukilitazama pembeni mwa Time After Time, laonekana kuwa busara.

Na Stevenson je, ni mwerevu kweli? Filamu inasema ndiyo, na David Warner, kwa urefu wake na sauti yake isiyopanda, anakaribia kulithibitisha neno hilo peke yake. Lakini akihukumiwa kwa vitendo, hesabu yake si kubwa. Anamshinda Wells katika sataranji. Anaacha glavu zenye damu mkobani katika nyumba iliyojaa wageni. Anabadilisha fedha benki na kuacha alama ambayo mtu yeyote makini angeifuata. Anaifahamu San Francisco upesi kuliko Wells, hilo ni kweli. Wakati mwenzake bado anashangaa magari, yeye amekwisha kuvaa nguo za zama na kutembea kama mwenyeji. Ukiondoa hayo, ni mtu mwenye kisu anayewatafuta wanawake walio peke yao.

Werevu wake wote umewekwa katika onyesho moja, chumbani hotelini, nalo ndilo onyesho bora la filamu. Wells amekuja kumtaka arudi London akahukumiwe. Stevenson habishani naye. Anaiwasha televisheni. Zinapita picha za vita, za mabomu, za watu wanaopigana na kuuana, idhaa baada ya idhaa, na daktari anamweleza mwenzake kwa upole kwamba yule aliyekuwa kioja cha London sasa hata hajafuzu. Zama hizi ni nyumbani kwake, na mgeni hapa ni Wells mwenye ndoto zake za pepo. Wells anabaki kinywa wazi. Hana jawabu, na filamu haimpi. Taharuki ya hapo haitoki kwenye kisu wala ufunguo. Inatoka kwenye hoja: mpelelezi amevuka dahari ili amkamate mhalifu, akakuta mhalifu ameshika ushahidi kuliko yeye.

Wahakiki wengi huishia hapo, wakisema kwamba filamu imeshitaki karne ya ishirini. Hoja ya Stevenson, hata hivyo, ina ufa, na ni ajabu kwamba mtu mwenye akili ya Wells hakuuona. Daktari anayahesabu mauaji ya madola na kuyatumia kuyapunguza ya kwake, kama mwizi wa kuku anayetaja wizi wa hazina ya serikali. Wingi wa maiti za vita haumpunguzii uzito hata mmoja wa wanawake aliowaua. Tena hoja hiyo inasimama juu ya dhana nyingine isiyosemwa, kwamba 1893 ulikuwa mwaka wa utulivu. Ulikuwa utulivu wa nani? Unguja ilikuwa chini ya himaya ya Uingereza tangu 1890. Tarehe 27 Agosti 1896, miaka mitatu tu baada ya karamu ya Wells, manowari za Kiingereza zililipiga kasri ya mjini kwa muda wa dakika 38 hivi, na takriban watu 500 waliuawa au kujeruhiwa. Televisheni haikuwapo kuyaonesha. Kama ingekuwapo katika chumba kile cha London, Stevenson asingelazimika kusafiri miaka 86 kutafuta zama zinazomfaa. Meyer hakulifikiri hilo, na pengine si haki kumdai. Lakini Wells wa kweli alilifikiri, kwa kuwa katika riwaya yake ya 1898, The War of the Worlds, aliutaja ukatili wa Wazungu kwa wenyeji wa Tasmania kabla ya kuwalaumu wavamizi kutoka Mirihi.

Wells wa kweli, kwa hakika, anaitia filamu aibu mara kadhaa. Mwaka 1893 hakuwa bwana mwenye nyumba ya fahari na karakana chini yake. Alikuwa mwalimu wa kipato kidogo, mwenye kifua kibovu, aliyekuwa bado na mke wake wa kwanza, Isabel. The Time Machine ilitoka kama kitabu mwaka 1895. Lakini kisa chake cha awali cha kusafiri katika wakati, The Chronic Argonauts, kilichapishwa katika jarida la wanafunzi mwaka 1888. Mwaka huohuo, kati ya Agosti na Novemba, ndipo wanawake wa Whitechapel walipouawa. Kalamu na kisu vilikuwa kazini katika jiji moja ndani ya mwaka mmoja. Filamu ingeweza kuitumia sadfa hiyo vizuri zaidi kuliko karamu ya 1893, ambayo inamlazimisha muuaji kurudi kazini baada ya ukimya wa miaka mitano bila maelezo ya kutosha.

Whitechapel yenyewe haikuacha nyuma picha ya bingwa yeyote. Aliacha kukamatwa, basi. Na kukosa kukamatwa katika mitaa yenye giza, msongamano na ufukara si ushahidi wa akili. Daktari wa polisi Thomas Bond, aliyeandika taarifa yake Novemba 1888, alisema kwamba aliyetenda hakuwa na ujuzi wa maumbile ya mwili hata wa mchinjaji wa kawaida. Wapo waliosema kinyume chake, miongoni mwao mchunguzi wa vifo Wynne Baxter, na ni kauli hiyo ya pili iliyopendwa na wasimulizi, kwa sababu inasimulika. Hata jina ni zao la kalamu: lilitokea katika barua iliyofika shirika moja la habari la London Septemba 1888, ambayo tangu zamani imedhaniwa kuwa iliandikwa na mwandishi wa habari. Magazeti yalimbatiza muuaji, hadithi zikampa udaktari, sinema ikampa sataranji na saa yenye muziki. Kila mkono uliompokea ulimwongezea cheo.

Wanawake je? Mary Ann Nichols, Annie Chapman, Elizabeth Stride, Catherine Eddowes, Mary Jane Kelly. Kwa zaidi ya karne moja waliitwa malaya kwa jumla, na ikaonekana inatosha. Mwaka 2019 mwanahistoria Hallie Rubenhold alichapisha The Five, kitabu kinachofuata maisha yao na kukataa kabisa kumfuata aliyewaua. Alionesha kwamba kwa watatu kati yao hakuna ushahidi wa maana wa kuwa waliuza miili yao. Walikuwa wake na mama waliovunjikiwa na nyumba, waliolemewa na ulevi na umaskini, na aghlabu waliokuwa wakitafuta mahali pa kulala. Yeyote aliyekisoma kitabu hicho hawezi tena kuitazama Time After Time kwa macho yaleyale, na hasa sehemu yake ya mwisho.

Sehemu hiyo ni hii. Gazeti limesema kwamba Amy atauawa. Wells amekamatwa, kwa kuwa polisi wanaona anayajua mauaji kupita kiasi. Amy yuko nyumbani kwake, amelala kwa dawa ya kutuliza wasiwasi, na saa inakwenda. Mtazamaji anashika pumzi. Polisi wanapofika wanakuta vipande vya mwili wa mwanamke, na Wells anavunjika moyo. Kisha inabainika kwamba si Amy. Ni Carol, mfanyakazi mwenzake wa benki, ambaye Amy alikuwa amemwalika chakula cha usiku na katika mshike-mshike wote huo amesahau. Kwa upande wa ufundi wa msuko, hila hii ni safi: inaacha swali zito, je, gazeti lilibadilishwa na juhudi za Wells, au lilikosea tangu mwanzo, likisoma maiti ya mtu mwingine kwa jina la Amy? Wanafalsafa wa wakati wanaweza kukesha juu yake. Lakini filamu haimlilii Carol. Hakuna anayesita. Msako unaendelea, ufunguo unagombewa, na mwishoni Wells anamtupa Stevenson katika dahari isiyo na mwisho kwa kuchomoa kifaa kimoja cha mashine. Mhalifu anapata hata kifo chenye fahari. Carol alikuja na mwaliko wake, akafa mahali pa mwingine, na hadithi ikampita kama gari linavyopita jiwe la barabarani.

Hapo werevu wa mhalifu unaonesha gharama yake. Akili yake inapokuwa ndiyo tamasha, kila anayeuawa anageuka kuwa kete katika ubao. Msanii hakukusudia ubaya. Ni mizani tu, kwa kuwa muda aliopewa Stevenson wa kuzungumza hotelini lazima utoke kwa mtu.

Miaka 34 baadaye mwandishi wa Afrika Kusini, Lauren Beukes, aliushika mkuki huohuo kwa ncha nyingine. Katika The Shining Girls ya 2013, Harper Curtis ni mzururaji wa Chicago ya 1931, zama za ukata mkuu, anayejipatia kwa mauaji ufunguo wa nyumba ambayo mlango wake hufunguka kwenye miaka tofauti, mwisho 1993. Huko anawafuata wanawake na kuwaua. Harper hana sataranji. Hana hoja. Televisheni haimfundishi lolote. Ni mtu mdogo, mwenye chuki, aliyepewa na nyumba ile nguvu ambayo hakuistahili, na Beukes anakataa katakata kumpamba. Badala yake kila mwanamke anapewa sura yake, kazi yake, hasira zake, watu wake, kabla mlango haujafunguka. Zora, mjane mweusi anayechomelea vyuma katika kiwanda cha meli wakati wa Vita Kuu ya Pili, anaishi katika kurasa chache kwa ukamilifu ambao Carol hakuupata katika filamu nzima.

Upelelezi pia unamwendea mwanamke. Kirby Mazrachi, aliyenusurika kisu cha Harper mwaka 1989, anajiunga na gazeti la Chicago Sun-Times kama mwanagenzi na kuanza kumsaka. Alama anazozifuata ni za kustaajabisha: Harper huacha kwa maiti moja kitu alichokichukua kwa nyingine. Karibu na mwili wa Zora, mwaka 1943, imeachwa kadi ya Jackie Robinson, mchezaji aliyeingia ligi kuu ya besiboli mwaka 1947. Ushahidi umezaliwa baada ya maiti. Holmes asingekuwa na la kufanya nao. Kirby anaweza, kwa kuwa yeye mwenyewe alipewa na mtu yuleyule, akiwa mtoto mwaka 1974, mwanasesere wa farasi ambaye alikuwa bado hajatengenezwa. Riwaya inalegea mahali, hasa nyumba ile isiyoelezwa asili yake, na wapo wasomaji watakaokosa ile ladha ya akili mbili kupambana. Tamthilia ya televisheni iliyotokana nayo mwaka 2022 ilijaribu kuirudisha kidogo. Kitabu ni bora bila ya ladha hiyo.

Time After Time itabaki kutazamwa, na ni haki itazamwe. Onyesho la hotelini peke yake linatosha kulipia kiingilio. Ila mfasiri atakayeichukua riwaya ya Alexander ana hiari mbele yake. Anaweza kuandika Mpasuaji na kumwachia muuaji udaktari wake, kwa kuwa ndani ya hadithi anao. Au anaweza kuandika Jack Mraruaji. Kurarua ni kazi ya ukucha, ya mwiba penye nguo, ya mbwa penye mfuko wa taka, na neno hilo linamtosha mtu ambaye jina lake halisi halijulikani hadi leo. Stevenson ataendelea kuwa daktari katika sura zinazomtaja kwa jina lake. Whitechapel itakapotajwa, neno litabadilika, na msomaji makini ataona kwamba ni watu wawili. Kazi ya ziada kwa mfasiri ni ndogo. Sura ya chakula cha usiku cha Carol itadai subira zaidi, kwa kuwa humo kila sentensi inakimbilia kwingine.